Saratani ya Utumbo: Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

 Ninaomba nafasi kidogo katika jarida letu nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya hata kulitaja. Jambo lenyewe ni saratani ya utumbo mpana, na hasa dawa za kisasa zinazotumiwa kuitibu ikiwa imeshasambaa mwilini. Najua kuna wenzangu watakaocheka wakisikia habari za haja kubwa katika jarida la Kiswahili. Chekeni tu, lakini someni hadi mwisho, kwa maana mficha maradhi kifo humfichua.

Ukiwauliza watu wengi juu ya dawa ya saratani, watakuambia ni "kemo", basi. Wanadhani ni dawa moja, kama vile Panadol ilivyo ya kichwa. Aliye na pesa huipata, na asiye nazo hana lake. La hasha! Ninataka kueleza kwamba siku hizi swali la kwanza la daktari si "dawa gani ni kali zaidi?" bali ni "uvimbe wa mgonjwa huyu ni wa aina gani?" Wagonjwa wawili wanaweza kulala vitanda jirani wakiwa na ugonjwa wa jina moja, na dawa inayomwinua mmoja isimfae mwenzake hata kidogo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuufahamu ugonjwa. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana au wa rektamu, yaani sehemu ya mwisho kabla ya kutokea nje. Kinyama hicho hakiumi. Kinaweza kukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Mwaka wa 2022 pekee, zaidi ya watu 1,900,000 duniani walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 900,000 wakafariki kwa sababu yake.

Wale wanaosoma Bayolojia watakumbuka kwamba damu inayotoka kwenye matumbo hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Hiyo ndiyo sababu seli za saratani zikitoroka utumboni, mara nyingi hupiga kambi kwenye ini, kisha mapafu. Hapo ndipo madaktari husema ugonjwa umefika hatua ya nne. Tena tuelewane: uvimbe ulio kwenye ini katika hali hii bado ni saratani ya utumbo. Umehama nyumba tu, haukubadilisha kabila. Kwa hivyo hutibiwa kwa dawa za saratani ya utumbo.

WAZEE WA KAZI

Dawa ya kwanza kufanya kazi ya maana inaitwa fluorourasili. Ilitangazwa mwaka wa 1957 na Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Ilikuwa imeonekana kwamba uvimbe wa panya hutumia kwa wingi urasili, ambayo ni mojawapo ya herufi za RNA. Heidelberger akaichukua urasili ile na kuibandika atomu moja ya florini. Seli ya saratani, kwa ulafi wake, huimeza ikidhani ni chakula cha kawaida, halafu hushindwa kutengeneza DNA mpya. Ni kama kumpelekea fundi tofali lenye ufa ndani: atalipanga tu, lakini nyumba haitasimama. Kwa karibu miaka 40 dawa hii, ikitiwa nguvu na nyingine iitwayo lukovorini, ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa.

Ya pili ni irinotekani, na hii ina kisa kinachotuhusu sisi tunaopenda miti shamba. Asili yake ni mti mmoja wa Uchina. Mwaka wa 1966, Monroe Wall na Mansukh Wani, wanasayansi waliofanya kazi Marekani, walitangaza kwamba wamepata katika mti huo kemikali yenye uwezo wa kuua seli za saratani. Je, watu walianza kuchemsha magome na kunywa? Hapana. Kemikali hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1970 ilileta madhara makali, na majaribio yakasimamishwa. Wajapani ndio waliokuja kuibadilisha ikawa irinotekani, na Marekani ikaikubali itumiwe mwaka wa 1996. Hesabu mwenyewe: miaka 30 kutoka mti hadi dripu! Kwa hivyo mtu akikuuzia chupa sokoni na kukuambia ati inaponya saratani zote, muulize: imepimwa kwa nani, kwa kiasi gani, na madhara yake ni yapi? Kuwa na asili ya mti si kosa. Kutopimwa ndiko hatari.

Ya tatu ni oksaliplatini, ambayo ndani yake mna madini ya platini, jamaa ya zile zinazotengenezewa pete za bei ghali. Ilitengenezwa Japani mwaka wa 1976. Dawa hii ina tabia ya ajabu: mgonjwa akigusa kitu baridi au akinywa maji baridi, huhisi vidole na koo vikichomwa kama kwa sindano. Ukimwona mzee aliyetoka hospitali akikataa soda ya friji, usimwone ana maringo.

Dawa hizi huunganishwa. Fluorourasili, lukovorini na oksaliplatini kwa pamoja huitwa FOLFOX. Ukiondoa oksaliplatini na kuweka irinotekani unapata FOLFIRI. Mgonjwa huzipata kila baada ya wiki mbili, na sehemu ya dawa huingia mwilini polepole kwa pampu ndogo kwa muda wa siku mbili hivi. Pia ziko tembe ziitwazo kapesitabini, ambazo mwili wenyewe huzigeuza kuwa fluorourasili.

Zinasaidia kiasi gani? Zamani, bila dawa, nusu ya wagonjwa wa hatua ya nne walifariki katika muda wa miezi sita hivi. Fluorourasili ilipokuja, muda huo ulifika karibu mwaka mmoja. Leo, kwa kuunganisha dawa hizi na zile mpya nitakazozieleza, katika majaribio makubwa muda huo umefika takriban miezi 30. Wengine huishi zaidi ya hapo. Tena kuna wachache ambao uvimbe wao wa kwenye ini hunywea kwa dawa hadi daktari akaweza kuukata wote, na kati yao wako waliopona kabisa. Si muujiza, lakini haba na haba hujaza kibaba.

KUFUNGA MFEREJI

Sasa tuingie kwa dawa za kisasa. Mwaka wa 1971 daktari mmoja Mmarekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua ukawa mkubwa bila kujichimbia mishipa yake ya damu. Akapendekeza kuufungia mfereji. Wengi hawakumwamini. Ilichukua miaka 33, hadi mwaka wa 2004, kabla ya dawa ya namna hiyo kukubaliwa Marekani kwa saratani ya utumbo. Inaitwa bevasizumabu. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabarani, nayo hunasa ule ujumbe ambao uvimbe hutuma kuita mishipa mipya. Haitumiwi peke yake. Huongezwa juu ya kemo. Inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuchelewesha vidonda kupona, ndiyo maana mgonjwa hapewi karibu na siku ya upasuaji.

SWICHI NA WAYA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu, kwa hivyo tega sikio.

Juu ya seli nyingi za saratani ya utumbo kuna kipokezi kiitwacho EGFR. Kifikirie kama swichi ya taa ukutani. Ikibonyezwa, ujumbe hupita ndani kwa protini kadhaa, mojawapo ikiwa KRAS, ambayo ni kama waya. Ujumbe ukifika mwisho, seli huambiwa: "Gawanyika!" Dawa mbili, setuksimabu na panitumumabu, hukalia swichi hiyo ili isibonyezwe. Zilikubaliwa Marekani mwaka wa 2004 na 2006.

Mwanzoni zilipewa wagonjwa wengi, na matokeo yakawashangaza madaktari. Wengine walipata nafuu kubwa, wengine hawakupata chochote isipokuwa vipele usoni. Mwaka wa 2008 sababu ikawa wazi. Katika uvimbe wa baadhi ya wagonjwa, jeni ya KRAS imebadilika, na waya umeungua ukawa unapitisha umeme wakati wote. Hebu fikiria taa ya bweni ambayo waya zake zimegusana ndani ya ukuta. Hata ukizima swichi mara mia, taa itaendelea kuwaka. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa wana badiliko katika KRAS au katika ndugu yake NRAS. Kwao dawa hizi mbili ni bure ghali. Pia imejulikana kwamba hata wasio na badiliko hilo hufaidika zaidi ikiwa uvimbe ulianzia upande wa kushoto wa utumbo kuliko upande wa kulia.

Nayasema haya nikijua uchungu wake. Mjomba wangu, kaka yake mama, alipatikana na saratani ya utumbo mwaka wa 2024, ikiwa imeshafika kwenye ini. Jamaa walikutana, harambee ikafanywa. Mmoja wao alikuwa amesikia habari za setuksimabu, akashikilia kwamba pesa zote ziende huko bila kuchelewa. Daktari alikuwa ameanza FOLFOX, lakini kuhusu dawa hiyo nyingine akasema tungoje kipande cha uvimbe kipimwe jeni. Kikao kilichafuka. Babu mdogo aligonga bakora chini akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo! Na huyu matumbo yake yameshaumia." Hakuna aliyecheka. Mama alinong'ona tu, "Baba, tumngoje daktari." Siku zilipita, majibu yakaja: KRAS ilikuwa imebadilika. Ile dawa iliyotaka kununuliwa ingemeza harambee yote na isimsaidie. Mjomba aliendelea na FOLFOX, akaongezewa bevasizumabu. Hadi ninapoandika, yumo katika matibabu. Kuna wiki anakwenda shambani kuangalia mahindi, na kuna wiki hainuki kitandani.

Tangu hapo nimeelewa kwamba kungojea kipimo si kupoteza wakati. Kipimo chenyewe ni sehemu ya tiba.

MWALIMU ASIYESAHIHISHA

Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na kama mwanafunzi anayenakili ubao kwa haraka, hufanya makosa. Mwilini mna protini maalumu ambazo hupita nyuma zikisahihisha. Katika uvimbe wa baadhi ya wagonjwa, takriban 5 kati ya 100 ambao saratani yao ya utumbo imesambaa, wasahihishaji hawa hawafanyi kazi. Makosa hujaa daftari zima. Jambo la kushangaza ni kwamba ubaya huo huzaa wema. Seli yenye makosa mengi huonekana ngeni sana, na askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, huweza kuitambua kwamba ni adui.

Sasa kwa nini hawaimalizi? Kwa sababu saratani ina ujanja. Askari hao wana breki iitwayo PD-1, ambayo kwa kawaida huwazuia wasishambulie mwili wao wenyewe. Saratani huikanyaga breki hiyo. Dawa ya pembrolizumabu huiachilia. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2020, wagonjwa wa kundi hili waliopewa pembrolizumabu walikaa kwa wastani miezi 16.5 kabla ya ugonjwa kuongezeka. Waliopewa kemo walikaa miezi 8.2. Kuna wale ambao uvimbe wao umetulia kwa miaka mingi. Waliofumbua siri ya breki hizi, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2018. Lakini breki ikiachiliwa, pengine askari huvamia raia wema: tezi ya shingoni, mapafu, hata utumbo wenyewe. Kwa hivyo mgonjwa huangaliwa kwa makini.

Kwa wale 95 waliosalia, dawa hii peke yake kwa kawaida haifui dafu. Unaona tena? Bila kupima, huwezi kujua nani ni nani.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Katika baadhi ya familia, kasoro ya wasahihishaji hurithiwa. Hali hiyo huitwa Lynch. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili za kuirithi. Jibu la maabara la mgonjwa mmoja basi linaweza kuwaokoa ndugu na watoto wake, kwa kuwa watachunguzwa mapema na vinyama kuondolewa kabla havijageuka.

MAKUNDI MADOGO

Uvumbuzi haukukomea hapo. Wagonjwa karibu 8 hadi 10 kati ya 100 wana badiliko katika jeni ya BRAF, ambalo hufanya ugonjwa kuwa mkali. Tangu mwaka wa 2020 kwao kuna enkorafenibu pamoja na setuksimabu. Wachache sana, kama 3 kati ya 100, wana HER2 nyingi, ile ile inayojulikana katika saratani ya matiti. Dawa zao zilikubaliwa Marekani mwaka wa 2023. Hata ile KRAS iliyosemekana kwa miaka mingi kwamba haishikiki, imeanza kushikwa. Badiliko lake moja liitwalo G12C lilipata dawa Marekani mwaka wa 2024 na 2025. Lakini hilo nalo ni la wagonjwa 3 au 4 tu kati ya 100.

PESA, BWANA

Najua kuna msomaji anayesema: haya yote ni ya Ulaya na Marekani, sisi je? Swali zuri. Dawa za zamani, yaani fluorourasili, lukovorini, irinotekani, oksaliplatini na kapesitabini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na leo kuna kampuni nyingi zinazozitengeneza. Dawa mpya ndizo za kutoa jasho. Mwezi wa Septemba 2025, shirika hilo liliiongeza pembrolizumabu katika orodha yake kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa wenye ile kasoro ya wasahihishaji. Kuandikwa katika orodha si sawa na kupatikana dirishani pa kuchukulia dawa, lakini sasa nchi ina msingi wa kudai bei nafuu. Hapa Kenya, SHA iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024 hulipia matibabu ya saratani, lakini kwa kikomo kila mwaka kwa kila familia. Ikiwa kikomo kipo, basi ni dhambi kukimaliza kwa dawa isiyoweza kufanya kazi. Kipimo hugharimu pesa, ni kweli, lakini dawa isiyofaa hugharimu zaidi.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna mgonjwa, sisi vijana tunaosoma tunaweza kuwasaidia wazee wetu kumwuliza daktari kwa adabu maswali haya. Kipande cha uvimbe kimehifadhiwa? Kimepimwa KRAS, NRAS na BRAF? Wasahihishaji wa DNA wamepimwa? Uvimbe wa kwenye ini unaweza kukatwa baadaye? Mgonjwa amepimwa kama mwili wake unaweza kuivunja fluorourasili? Nauliza hili la mwisho kwa sababu kuna watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo, na kipimo cha kawaida kwa wengine kinaweza kuwaua wao. Na dawa zote zikigonga mwamba, bado kuna swali moja: nani atamtuliza maumivu? Hospisi zipo kwa kazi hiyo, na kwenda huko si kutupwa.

KWA KUMALIZIA

Dawa hizi zote nilizozitaja ni za ukuta uliokwisha kuanguka, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, kukonda, uchovu wa kukosa damu: mtu yeyote mwenye dalili hizi asijifungie akisema ni bawasiri tu. Aende akapimwe. Ugonjwa ukikamatwa ungali utumboni, upasuaji huwaponya wengi. Nchi kadhaa huwapima hata wasio na dalili kuanzia umri wa miaka 45 au 50, na wazazi wetu wengi wamo katika umri huo. Likizo hii, mwulize mzazi wako kama amewahi kupimwa. Atakutazama kwa jicho kali, lakini muulize tu.

Kwa haya machache ninatua kalamu yangu.